Mayonezi Iliyosifiwa

Nchi yetu ina jina, tena jina zuri, na ndiko tulikokosea. Mwaka mmoja mgeni wa heshima alisimama jukwaani akalisifu jina hilo mbele ya karani aliyekuwa na kalamu mkononi, na kabla jua halijatua jina likabebwa kupelekwa Jumba la Hazina. Liko huko mpaka leo ndani ya sanduku la kioo, linapanguswa vumbi kila Alhamisi. Sisi wenyewe tukabaki kusema "hapa kwetu". Tumezoea. Barua za kutoka nje hazitufikii, lakini zilikuwa na habari za kusikitisha tu.

Nieleze Sheria ya Sifa, maana huenda msomaji anatoka nchi ambayo vitu vizuri huachwa ovyo mikononi mwa wenyewe. Kwetu, chochote kinachosifiwa mbele ya mtumishi wa umma mwenye kalamu ni mali ya taifa. Nia ilikuwa njema: kuyakusanya mema yote mahali pamoja yasije yakatawanyika. Ndivyo alivyochukuliwa mshambuliaji wetu wa mpira baada ya mtangazaji kumsifu redioni. Yumo Jumba la Hazina, chumba namba tisa, anapiga danadana juu ya zulia. Ndivyo alivyochukuliwa mwalimu wa hesabu wa mtaani kwetu, ambaye siku hizi anafundisha viti. Walikuja hata kukichukua kisima cha mtaa wa pili, kwa kuwa maji yake ni matamu. Walihangaika nacho siku tatu, mwisho wakachukua ndoo.

Lakini watu si wajinga. Tangu zamani wazee wetu walikuwa hawamsifu mtoto mchanga kwa kuogopa kijicho, kwa hiyo ilikuwa kazi ndogo tu kuiongeza serikali kwenye orodha ya wenye macho mabaya. Mama akijifungua, majirani humwendea wakisema, "Hongera, mtoto mbaya kama nini!" na mama hufurahi. Bibi harusi akitolewa nje, shangazi zake huguna na kutikisa vichwa. Kijana akitaka kuposa, huanza kwa kumwambia binti kwamba hajapata kuona sura ya kuchosha kama ile. Tuliyapenda mambo yetu kwa kuyatukana, nayo yakabaki yetu.

*

Sasa nije kwenye mayonezi.

Mlezi wa Taifa alisafiri ng'ambo, akaandaliwa samaki aliyepakwa sosi nyeupe, akaonja, akalia. Wanaomjua wanasema hakulia hata kwenye mazishi ya kaka yake, ingawa siku hiyo alikuwa na haraka. Aliporudi, alirudi na wizara mpya: Wizara ya Mayonezi na Sosi Zitokanazo Nayo. Akamteua Mheshimiwa Makeke kuiongoza, ambaye kabla ya hapo alikuwa Waziri wa Mvua, akahamishwa baada ya ukame kumaliza kazi yake.

Mheshimiwa Makeke alitoa mwongozo wa kurasa mia mbili. Mayonezi, aliandika, ni mama. Sosi nyingine ni watoto wake, na kila mtoto ana daraja lake. Ya kitunguu saumu ni ya walinzi, ili wanukie kabla hawajaonekana. Ile iliyokatiwa achari ya matango na majani ni ya mawaziri, kwa ajili ya samaki wao. Ya pinki, iliyochanganywa na tomato, ni ya Umoja wa Vijana, ambao wengi wao wamevuka miaka hamsini na wanahitaji kitu laini. Ya haradali walipewa majaji, kwa kuwa huwasha baadaye. Ya pilipili iliruhusiwa kwa chama cha upinzani, kijiko kimoja, mbele ya askari. Raia walipewa mayonezi tupu, ya kopo, inayotengenezwa wizarani.

Aliyepata kukoroga mayonezi anajua kazi hiyo haina miujiza. Kiini cha yai, chumvi, ndimu, kisha mafuta tone kwa tone, na mkono ukoroge upande mmoja bila kusita. Wizara yetu ilikuwa na utaratibu bora zaidi: ilikoroga kwa vyeo. Msaidizi alikoroga mara thelathini akasaini. Mkurugenzi mara ishirini, akasaini. Katibu Mkuu aliushika mwiko tu, akapigwa picha. Naibu Waziri alikoroga kuelekea kulia na Waziri kuelekea kushoto, maana walikuwa hawasalimiani. Mafuta yakamiminwa yote kwa mkupuo kwa sababu gari lilikuwa linangoja.

Ikakatika. Mafuta yakapanda juu yakatulia, kiini kikazama chini, vipande vipande.

Mheshimiwa Makeke aliinama akaitazama kwa muda. "Ndivyo inavyotakiwa," akasema. "Mafuta juu, wengine chini, na kila mmoja ametulia mahali pake. Ndugu zangu, hii ndiyo picha ya taifa lenye amani!"

Tulipiga makofi. Mimi nilipiga mpaka viganja vikaniwasha, kwa kuwa nilikuwa ndiyo kwanza nimeajiriwa.

*

Jina langu ni Simai, na kazi yangu ilikuwa Mwonjaji Daraja la Tatu. Kila asubuhi nilionja kijiko kimoja cha kopo, nikajaza fomu. Mzee Shaame, aliyenitangulia kwenye kiti kile, alinikabidhi ofisi kwa maneno machache. "Mwanangu, hapa mwisho pameandikwa Maoni. Andika 'Imeonjwa', piga muhuri, kisha nenda kale chakula."

Chakula nilikila Mikoroshini, kwa Bi Kidawa. Alikuwa na meza yake mbele ya nyumba, akiuza viazi vya kuchemsha na mihogo ya kukaanga, na katikati ya meza bakuli la udongo lenye mayonezi aliyokoroga mwenyewe. Nililila bakuli lile tangu sijajua kufunga vifungo vya shati. Mkono wake ulikuwa unazunguka polepole huku akizungumza na wateja, na hata aliporushiana maneno na mtu, mkono haukugeuka. Siku moja nikiwa mdogo niliigusa meza, mafuta yakamwagikia ndani mengi, mayonezi ikakatika, nami nikaanza kulia. Akacheka. "Usilie. Iliyokatika hurudi. Unaanza na kiini kipya, halafu hiyo iliyoharibika unaitia kidogo kidogo. Usiharakishe tu."

Wateja walikuwa na adabu. "Bi Kidawa, leo umeharibu kabisa," walisema. "Niongezee." Naye alijibu, "Kama ni mbaya, rudisha kiazi changu." Hakuna aliyewahi kurudisha.

Ndani, dirishani, alilala mumewe, Mzee Feruzi. Alikuwa fundi mwashi. Nusu ya kuta za mtaa ule ni zake. Kisha koo likaanza kufunga. Daktari alisema kuna kitu kinakua humo, na kwamba dawa yake iko Jumba la Hazina, ilisifiwa. Maji yalimpalia, uji ulimpalia, mkate usiseme. Kilichoshuka ni kimoja tu: kiazi kilichopondwa laini kikachanganywa na mayonezi ya mkewe, ile ile ya asubuhi. Bi Kidawa alimlisha mara tatu kwa siku kwa kijiko cha chai. Na kila kijiko kiliposhuka, mzee alifumba macho akasema kwa ile sauti yake iliyobaki, "Mbaya."

"Najua," mkewe alisema. "Fungua mdomo."

Niliyaona hayo kwa miaka miwili, nikiwa nimesimama dirishani na sahani yangu. Nilikuwa sijaoa, na nilikuwa nikiomba Mungu nami siku moja nipate mtu wa kuniambia hivyo.

*

Kosa nililifanya Jumatatu. Kopo la siku hiyo lilikuwa limekatika kuliko siku zote, na mimi nilikuwa nimechoka kulimeza. Penye Maoni niliandika: "Mafuta yametengana na kiini. Nashauri wizara ijifunze kwa Bi Kidawa wa Mikoroshini, ambaye mayonezi yake ni nzuri."

Nilidhani kushauri si kusifu. Tena neno lenyewe lilikuwa moja, la herufi tano.

Jumatano, saa nne asubuhi, bendi ya tarumbeta iliingia Mikoroshini, nyuma yake magari manane. Wateja walipoona kalamu waliitupia mayonezi ile kila tusi walilolijua. "Inaharisha hiyo, Mheshimiwa!" "Ina mchanga!" "Mimi ilinitoa meno!" Ngwali, fundi baiskeli wa nyumba ya pili, rafiki wa Mzee Feruzi wa miaka arobaini, alijitupa chini akagaagaa akishika tumbo. Nilipata kuona watu wakiyapenda mambo yao, lakini siku ile walipita kiasi.

Mheshimiwa Makeke alichota kijiko kimoja. Alichota cha pili. Pale tukajua tumekwisha.

"Mama," akasema, "kuanzia sasa wewe na mkono wako ni Hazina ya Taifa. Utakoroga kwa ajili ya Sikukuu ya Taifa. Hongera sana."

"Mheshimiwa, baba yangu," Bi Kidawa alisema, "mimi nina mgonjwa ndani. Hapitishi kitu kooni ila nikimlisha mimi. Niacheni nije hata asubuhi na jioni."

"Mama, taifa nalo halili bila wewe."

"Taifa lina meno, baba."

Waziri alitabasamu kwa ajili ya wapiga picha. "Hazina hairudi nyumbani kulala."

"Basi mchukueni na yeye. Hana kilo arobaini, hatawachosha."

Waziri akamgeukia mwanasheria wake. "Amesifiwa?"

"Hajasifiwa, Mheshimiwa."

"Unaona, mama? Hatuwezi kuvunja sheria."

Wakambeba na bakuli lake. Mzee Feruzi alibaki dirishani akiangalia barabara, na kijiko cha chai kilibaki juu ya kizingiti.

*

Kwa cheo changu niliruhusiwa kuingia Jumba la Hazina kuonja. Bi Kidawa walimweka chumba namba kumi na nne, kati ya mwalimu wa hesabu na jina la nchi yetu. Nilisimama mlangoni bila kujua mikono niiweke wapi.

"Simai," akasema. "Ni wewe uliyeandika?"

"Ni mimi, mama."

Hakunitukana. Msomaji ameshajua kwetu kutukanwa ni nini, kwa hiyo atajua nilivyojisikia.

Nilijaribu kutoka na mayonezi kidogo ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi nimpelekee mzee. Mlinzi wa getini akaniuliza ni nini. Nikasema dawa. "Basi kunywa," akasema, "usije ukafia njiani." Niliinywa yote mbele yake, ikashuka laini mpaka tumboni, nami nikakohoa kama mtu anayepona.

Siku ya nne Bi Kidawa aliniita karibu. "Anakula?"

"Ngwali anampondea viazi na mayonezi ya kopo, mama. Haishuki. Inampalia."

Alikoroga kwa muda. "Kama hiyo kalamu yako ina nguvu ya kunileta mimi hapa, basi msifu na yeye. Msifu kwelikweli. Waje wamchukue, tukae wote humu hata kama ni ndani ya kioo. Mimi sitaki nyumba, Simai. Nataka nimlishe."

Usiku huo sikulala, na asubuhi nilikabidhi kurasa tano. Nilisifu kuta zake zilizonyooka, uvumilivu wake, hata namna anavyofumba macho. Msajili alizisoma akakubali ni sifa halali. Lakini sheria inasema chakula huhakikiwa kwa ulimi, na mtu huhakikiwa kwa majirani. Kamati ya Uhakiki wa Sifa ingefika Mikoroshini kesho yake, na majirani watatu walitakiwa kuthibitisha.

Nilikimbia mpaka kwa Ngwali. Nilimkuta amepindua baiskeli, anazungusha gurudumu.

"Bwana Ngwali, kesho watakuja watu wenye kalamu. Wakiuliza habari za Mzee Feruzi, msifuni. Nakuomba. Waambie na wenzako."

Gurudumu likasimama. "Wewe si ndiye uliyemsifu Bi Kidawa?"

"Ndimi."

"Na sasa unataka tumsifu na Feruzi."

"Wakimchukua watampeleka kwa mkewe. Atakula."

"Mke mmekwisha kumbeba," Ngwali alisema polepole. "Sasa mnamtaka na mume. Umetumwa?"

"Naapa sikutumwa."

"Hata siku ile hukutumwa." Akaokota pampu. "Toka hapa, kijana, kabla sijakupasua kichwa."

Ningekuwa mimi ni yeye, nami nisingeniamini.

*

Yaliyotokea kesho yake Ngwali mwenyewe alinisimulia, baadaye, akiwa ameinamisha uso.

Kamati ilikaa kwenye ile meza ya viazi. Ngwali alikuwa wa kwanza kuitwa, na alikuwa amejiandaa. "Feruzi? Mzigo. Kuta zake zote zimepinda. Tukipiga chafya zinatikisika. Hana faida hata ya kivuli. Mchukueni yeyote, msipoteze petroli yenu kwa huyo." Wa pili akasema mzee ni mwizi wa saruji. Wa tatu, mama mmoja ambaye Mzee Feruzi alimjengea chumba bure alipofiwa, akasema hajawahi kumwona akifanya jambo jema, na alilia huku akisema.

Dirisha lilikuwa wazi. Mzee Feruzi aliyasikia yote. Sauti ilikuwa imekwisha kumwisha, kwa hiyo alianza kuupiga ukuta kwa kiganja. Aliupiga na kuupiga, ukuta wake mwenyewe, na haukutikisika.

"Nilidhani ananishukuru," Ngwali aliniambia.

Kamati ilipoondoka, Ngwali aliingia ndani, akakaa kitandani, akamshika rafiki yake mkono. "Tulia, ndugu yangu," akamwambia. "Nimekuokoa."

Faili lilirudi wizarani likiwa na mstari mmoja: Hana sifa, abaki alipo. Akabaki. Siku ya kumi na tisa tangu mkewe achukuliwe, Mzee Feruzi alikufa kwa njaa, akiwa na viazi vitatu vya moto kando ya kitanda. Mtaa mzima ulimzika. Hakuna aliyethubutu kusema kaburini alikuwa mtu wa namna gani.

Bi Kidawa hakuambiwa. Waraka ulipita kwetu wote: huzuni huharibu mkono, na Sikukuu ya Taifa imebaki siku tano. Niliusaini. Nilijiambia nitamwambia kesho, na kesho yake nikajiambia vivyo hivyo. Nilikuwa mwoga, sina neno jingine.

*

Sikukuu ilifana. Bi Kidawa aliwekwa juu ya jukwaa na bakuli lake la udongo, akoroge mbele ya Mlezi wa Taifa na wageni. Mkono ulizunguka kama kawaida yake, mafuta yakidondoka kutoka kwenye birika tone kwa tone, na mayonezi ilikuwa imeanza kushikana, nyeupe, nzito. Mheshimiwa Makeke alichukua kipaza sauti.

"Ndugu wananchi! Mtazameni mama huyu! Ni nani kati yenu aliyetoa kama alivyotoa yeye? Mume wake, marehemu Feruzi, aliyefariki siku tano zilizopita, amekubali kufa ili sisi tule! Huo ndio uzalendo wa sosi!"

Watu walipiga makofi.

Nilikuwa nimesimama hatua kumi kutoka kwake. Mwiko ulisimama. Birika likainama lenyewe, na mafuta yote yakaingia bakulini kwa mkupuo. Hakupiga ukelele. Aliuliza tu, kwa sauti ya mtu anayeuliza saa, "Alikula nini siku ya mwisho?" Bendi ilikuwa imeanza kupiga.

Mlezi wa Taifa alionja. Hakulia. Akapangusa midomo, akaomba tomato.

Siku ya tatu Bi Kidawa alirudishwa Mikoroshini kwa gari la mizigo, na barua: Anarejeshwa kwa wenyewe, kwa kuwa hana tena sifa. Bakuli nalo lilirudishwa. Mimi kalamu yangu niliiacha mezani wizarani nikaondoka, na sisemi hivyo ili nisifiwe.

*

Alimfanyia mumewe hitima. Kwa desturi, kila mkusanyiko unaozidi watu kumi hupewa karani, kwa hiyo kijana wa wizara alikaa pembeni na kalamu yake. Baada ya dua, Bi Kidawa alichemsha viazi, akaketi, akaanza kukoroga. Sote tulikuwa tunautazama mkono wake. Ulikwenda kulia, ukasita, ukarudi kushoto, ukasita tena. Ikakatika.

Nilikuwa nimekuja na yai mfukoni. Sijui nilifikiri nini. Nililitoa nikampa. "Mama, kiini kipya hiki. Ulisema hurudi."

Alilitazama lile yai kwa muda mrefu. "Iache hivyo hivyo," akasema. "Pakueni."

Ngwali alisimama aseme neno juu ya marehemu, kama ilivyo ada ya rafiki. "Feruzi alikuwa..." akaanza. Yale matusi ambayo kwetu watu wote huwazikia wapendwa wao, yeye alikuwa amekwisha kuyatumia mbele ya kamati. Akakaa chini akajifunika uso kwa kofia yake.

Tukala. Ilikuwa chungu, mafuta yanaelea juu, kiini kimeganda vipande kama cha kopo. Siku zote kwenye meza ile tungesema mbaya, na safari hii ilikuwa mbaya kweli, ndiyo maana hakuna aliyeweza kulisema. Bi Kidawa alikuwa anatutazama mmoja mmoja akisubiri. Nilimwona anavyosubiri, moyo ukaniuma kuliko siku zote zile.

"Nzuri, mama," nikasema kwa sauti. "Nzuri sana."

Watu wote wakageuka kumtazama karani. Kijana alisogeza bakuli, akachovya kidole, akaonja. Akafunga kalamu yake akairudisha mfukoni.

Bi Kidawa alitikisa kichwa taratibu. "Basi malizia, mwanangu," akasema.

Nilimaliza sahani yangu, nikaomba nyingine. Bakuli lilikaa mbele yetu mpaka watu wakatawanyika, na hakuna aliyekuja kulichukua.